Kiti cha Flugeli

Nafanya kazi kwenye mageti ya tiketi, kituo cha treni cha Stratford hapa London, na pale nimeona watu wakijaribu kupitisha kila kitu: magodoro, kabati la vyombo, keki ya harusi yenye ghorofa. Lakini jioni moja ya baridi alikuja mzee wa Kikalasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe, mgongoni kabeba mfuko mweusi unaomzidi mwili, na geti likambana katikati. Mlango ukafunguka, ukamfungia, ukafunguka tena. Foleni nyuma yake ikaanza kuguna. Mzee akavuta pumzi, akasema kwa sauti, kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Ala! Geti gani hili lisilo na adabu!"

Sikungoja kutambulishwa. "Adabu linayo, mzee. Wewe ndiye umekuja na nyumba mgongoni."

Akageuka kunitafuta, na mfuko nao ukageuka, nusura umpige kijana wa suti usoni. Nikamfungulia geti pana la vigari vya watoto. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kwetu wapi. Nikasema Moshi. Yeye Mwanza, baba yake alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli kule. Siku hizi anakaa Kenton na amestaafu. Yote hayo tuliyamaliza kabla foleni haijaisha kupita.

Mimi nina ugonjwa mmoja, na binti yangu ananisema kila siku kwa Kiingereza chake: siwezi kuona kitu kimefungwa nisiulize ndani kuna nini. Nikauliza.

"Besi," akasema. "Tarumbeta kubwa kabisa. Tunakwenda mazoezini, mashindano yamekaribia."

"Mashindano ya nini?"

"Ya matarumbeta, dada. Kila mwaka. Bendi zote zinapiga wimbo mmoja."

Nilidhani ananitania. Mzee mwenyewe alikuwa na macho ya utani. Lakini neno lile tarumbeta lilikuwa limeshanishika, na zamu ilipokwisha nikaenda kuutafuta ukumbi alionielekeza.

Lazima niseme kwa nini lilinishika. Mimi nimezaliwa ndani ya matarumbeta. Baba yangu amefundisha matarumbeta ya usharika wetu tangu sijazaliwa mpaka leo, na nyumbani kwetu watoto tulipewa chombo cha kupuliza kama wengine wanavyopewa jembe. Sauti nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu, besi. Kaka zangu wawili walikalishwa sauti ya kwanza, inayobeba wimbo, ile ambayo watu wakitoka kanisani wanaiimba njiani. Mimi nikakalishwa sauti ya pili. Nilikuwa na midomo mizuri kuliko wote wawili, na baba alilijua hilo, kwa maana kaka mkubwa alipougua, baba mwenyewe aliniambia nipulize kwa nguvu zaidi nimfunike. Nilipouliza kwa nini nisihamie pale mbele, alisema sauti ya kwanza inataka kifua cha kiume. Basi. Nikajaza nafasi katikati ya watu kwa miaka yote ya usichana wangu, sina mstari hata mmoja ambao mtu angeweza kusema ule ni wako. Nilikasirika nikiwa darasa la sita na hasira hiyo bado ninayo, sijaipoteza hata katika kuhamahama.

Ukumbi ulikuwa nyuma ya kanisa moja la zamani, umejaa harufu ya chai na mafuta ya kulainishia vitufe. Watu ishirini na kitu, wa kila rangi na kila umri, wamekaa nusu duara. Mwalimu wa bendi alikuwa mwanamke mrefu, mchana anafundisha watu kuogelea, na alizungumza na bendi kana kwamba wote wako upande wa pili wa bwawa. Mzee wa besi alinitangaza: huyu ni dada yangu kutoka nyumbani. Hakuna aliyecheka, kwa hiyo nikajua hapo ni mahali pazuri.

Nikauliza maswali mpaka mwalimu akaketi. Kwetu pia, kwenye mashindano ya kwaya ya dayosisi, kuna wimbo wa lazima, unaochaguliwa na wakubwa na kila kwaya inauimba. Lakini baada yake kila kwaya ina wimbo wake wa hiari, na hapo ndipo watu wanapoamka vitini. Hawa hawana hiari. Ni wa lazima tu, bendi baada ya bendi, asubuhi mpaka jioni, wimbo uleule. Na waamuzi wanafungiwa ndani ya kibanda cha mapazia katikati ya ukumbi, hawaoni jukwaa, ili wasijue nani anapiga. Kama ni bendi maarufu, kama ni watoto wa nani, kama wamevaa vizuri, hawajui. Wana masikio tu na penseli.

"Na chooni je?" nikauliza.

"Wanasindikizwa," mwalimu akasema, bila kutabasamu.

Nilipenda jambo hilo kupita kiasi. Nimeishi London hii miaka mingi, watu wameniangalia usoni kwanza kisha wakaamua wanisikie kiasi gani. Na hapa kuna Waingereza wamejifungia kwenye pazia kwa hiari yao ili wasikie tu! Nilikaa pale nikitikisa kichwa peke yangu.

Mwaka ule wimbo wa lazima ulikuwa mpya, mtunzi wake yu hai, na bendi nzima ilikuwa inamlaani. Mzee aliniambia ndiyo desturi: wimbo ukitoka tu, kila mtu anasema ni takataka, na siku ya shindano ikifika wanaulilia. Una sehemu tatu. Mwanzo ni vurugu, kila mtu anapiga kama anafukuzwa. Mwisho ni mbio. Katikati umetulia, na mahali fulani hapo katikati bendi nzima inanyamaza, chombo kimoja kinabaki kikipiga mistari minne peke yake, hakuna mtu chini wala juu. Chombo hicho ni flugeli, ndugu mnene wa tarumbeta, sauti yake ina joto kama ya mtu anayeongea na wewe jikoni.

Na kiti cha flugeli kilikuwa kitupu. Mwenyewe alikuwa amejifungua mapacha.

Mimi flugeli ndiyo niliyolelewa nayo. Usharika wetu ulizipata kwa marafiki zetu Wajerumani, zimebonyea kila mahali lakini zinalia. Mwalimu akaona ninavyoitazama ile iliyolala kwenye kiti, akasema jaribu. Midomo yangu ilikuwa imelala miaka, lakini walianza na tenzi ya kupashia moto, na tenzi hiyo nilikuwa naijua tangu tumboni. Sikuangalia hata karatasi. Nilipomaliza mwalimu alikuwa ananitazama kwa namna ambayo baba hakuwahi kunitazama. Akasema, kama ni hivyo, kiti ni chako, na mistari minne ni yako. Moyo ulinipiga mpaka nikaogopa wataona kwenye sweta.

Ndipo akasema, haya, tupige wimbo wa lazima.

Jamani. Nilipuliza nota yangu ya kwanza ya kusoma na bendi ikakunja uso kwa pamoja, kama watu waliong'ata ndimu. Tukaanza tena. Tena vilevile. Mwalimu akasimamisha, akaniuliza kama naiona nota ile ya kwanza. Nikasema naiona, sijawa kipofu. Akasema basi ipige. Nikaipiga. Tromboni mmoja akacheka.

"Mimi sijakosea," nikasema, na damu imeshanipanda. "Ninyi ndio mnaosoma vibaya."

Mzee wa besi akaniinamia kutoka nyuma. "Dada, unapiga vizuri sana. Ila unapiga wimbo wa jirani, yule wa ghorofa ya juu."

Tulikaa naye kwenye ngazi za ukumbi na vikombe vya chai mpaka tukaelewa. Nikiona nota fulani kwenye karatasi, vidole vyangu vinabonyeza vitufe viwili. Wao wakiiona nota ileile hawabonyezi kitu. Mimi nikisoma karatasi yao, kila ninachopiga kinatoka juu yao kwa hatua nzima, wimbo mzima, bila kukosea hata mara moja. Nilikuwa nimekosea kwa ukamilifu.

Nilimpigia baba kesho yake. Nilitaka kujua sababu, maana hasira yangu ikipoa kidogo udadisi ndio unaoingia. Nikamweleza. Akapandisha sauti kama niko ng'ambo ya mto.

"Wanaandika nota moja, wanapiga nyingine? Huo si uongo?"

"Baba, ni nchi nzima inasoma hivyo."

"Basi nchi nzima inasoma uongo! Sisi tunasoma kitabu kimoja na kinanda, kimoja na kwaya. Kilichoandikwa ndicho kinacholia. Ndivyo tulivyofundishwa na Wajerumani na ndivyo nilivyokufundisha. Usiniharibie vidole."

Nilipomsimulia mzee, alicheka mpaka kilemba kikamwendea upande. Kisha akaniambia upande wa pili wa habari. Hapa, alisema, mtu anaanza utotoni na koneti, tarumbeta ndogo fupi, akikua anapewa chombo kikubwa, akizeeka anaishia kwenye besi, na vidole vyake ni vilevile toka mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu karatasi imeandikwa kufuata vidole, haikufuata sauti. Yeye mwenyewe alijifunza koneti akiwa mtu mzima, wiki mbili baadaye wakampa besi na akaisoma palepale. Nikawaza sana juu ya hilo getini, huku nawafungulia watu. Baba alikuwa sahihi na hawa nao walikuwa sahihi. Kwetu karatasi inafuata sikio ili watu wote wa kanisa wakutane. Kwao inafuata mkono ili mtu ahame kiti bila kuanza upya. Ila mistari minne ile ilikuwa imeandikwa ya kwao, na mimi niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka katika mji huu.

Habari ya mistari minne sikumwambia baba. Nimwambie nini, na kiti chenyewe kinaniponyoka?

Maana mwalimu alikuwa ameshaniita pembeni. Hakuwa mkali, alikuwa mkweli. Alisema sauti yangu anaitaka, lakini shindano halingoji. Kama kufikia mazoezi ya mwisho bado ningekuwa napanda ghorofa ya juu, angeazima mpiga flugeli kutoka bendi nyingine, kanuni zinaruhusu, nami ningekaa nyuma kabisa na koneti za tatu. Koneti za tatu! Nilijua hicho ni kiti gani. Ni sauti ya pili ya Kiingereza.

Basi nikajifunza. Kwenye treni nilisoma nota zao nikibonyeza vidole kwenye mkoba, watu wakajisogeza mbali nami. Nyumbani nilipuliza na kitambaa ndani ya chombo kwa ajili ya jirani. Wakati mwingine ilikwenda vizuri ukurasa mzima, halafu nikifurahi tu, vidole vinarudi Moshi. Hiyo ndiyo iliyoniua: nikiwa na hofu nilisoma kama wao, nikianza kupenda ninachopiga nilisoma kama baba. Na mistari minne ile haipigiki bila kuipenda.

Binti yangu ndiye aliyechoka kwanza. Alikuwa mezani anakula maandazi, ananisikiliza nikirudia palepale na kutukana kwa Kichaga. Akaniuliza kwa Kiingereza, kwa nini usiandike upya jinsi unavyosoma wewe? Nikamwambia huko ni kudanganya. Akainua mabega. Nikaitazama karatasi, halafu nikamwambia sogeza hayo maandazi.

Niliandika kila nota hatua moja chini ya ilipokuwa, karatasi nzima, kwa peni na rula, na macho yangu na vidole vyangu, alivyovifundisha baba, vikaiona ikiwa sahihi. Doa kubwa la mafuta ya maandazi likabaki ukurasa wa pili, karibu na mistari minne. Mzee alinikagulia. Mwalimu alipoiona siku ya mazoezi ya mwisho, aliigeuza mbele na nyuma, akasema, ukitaka isome kichwa chini miguu juu, mimi sina neno, mradi itoke sawa. Tukapiga. Ilitoka sawa. Bendi iliponyamaza na mimi nikabaki peke yangu kwenye ile mistari, ilikuwa mazoezini tu, lakini nilisikia ukumbi unavyokuwa mkubwa. Mwalimu akafunga kitabu chake. "Kiti ni chako," akasema mara ya pili, na safari hii niliamini.

Siku ya shindano tulikwenda Croydon. Kutoka kwenye tramu nilipita mbele ya lile jengo la uhamiaji ambalo siku zangu za mwanzo nilikuwa nalipandia ngazi nimekumbatia makaratasi yangu, na sasa nilikuwa na sare ya bendi yenye vifungo vya dhahabu na flugeli begani. Nililitazama kwa dharau kidogo. Nadhani ni haki yangu.

Ukumbini nilikuta mambo kama nilivyosimuliwa, na zaidi. Kibanda cha waamuzi kilikuwa kweli katikati, mapazia mekundu pande zote, kama msiba wa mtu mdogo tajiri. Bendi ikimaliza, kimya. Halafu kutoka ndani ya pazia inatoka filimbi, maana yake tuko tayari, leteni wengine. Mwakilishi wa kila bendi alikuwa amevuta namba asubuhi kwenye mfuko, nasi tuliangukia alasiri. Nikakaa nikasikiliza. Wapo kina mama wanaofuma sweta kwa kufuata mapigo. Wapo wazee wenye kitabu cha wimbo magotini, wanafuata nota kwa kidole, na mtu akiteleza wanatazamana bila kusema neno. Nami nikaanza kuelewa kwa nini hawachoki. Wimbo ukiwa mmoja, unachosikia ni watu. Flugeli ya kwanza niliyoisikia iliipiga mistari minne kama inaomba radhi. Ya pili ilikuwa na haraka. Ya tatu ilikuwa nzuri mno, nikatamani kwenda nyumbani.

Bendi yetu ina bibi mmoja anayetunza sare na majalada. Anapiga pasi, anang'arisha vifungo, na siku ya shindano ndiye anayetutangulia jukwaani kupanga majalada meusi kwenye vishikio vya nota, yote sawasawa. Bibi mwema. Tulipoingia nikakaa kwenye kiti changu, nikafungua jalada langu, na ndani kulikuwa na karatasi safi, nyeupe, iliyochapwa. Ya kwao. Ile yangu yenye doa la mafuta, bibi wa watu aliiona ni uchafu, akaitoa.

Sasa ujue: ukishakanyaga jukwaa lile, marufuku kusema. Hata kukohoa watu wanajizuia. Waamuzi wasisikie sauti, lafudhi, wala kama ni mwanamke au mwanamume. Mwalimu alitukumbusha mara nyingi mpaka tukachoka. Lakini mimi katika wazimu wangu niliona ni Kiingereza ndicho kilichokatazwa. Nikageuza shingo nikasema, na sauti yangu haijui kunong'ona:

"Mzee! Karatasi yangu haipo!"

Ukumbi ukaganda. Msimamizi wa jukwaa alinitolea macho. Uso wa mwalimu sitausahau. Na kutoka nyuma, kutoka kwenye lile pipa la besi, likaja jibu kwa Kiswahili cha Mwanza, pole pole kama mtu yuko dukani kwake:

"Wimbo huo unaujua, dada. Usiangalie karatasi. Niangalie mimi? Hapana, mimi niko nyuma. Funga macho tu."

Ndani ya pazia mtu alikohoa. Halafu ikalia filimbi.

Sehemu ya kwanza sikuipiga yote, nasema ukweli. Pale penye vurugu nilipuliza nilichokuwa na uhakika nacho, mengine niliwaachia wapiga matarumbeta waliokaa karibu yangu. Nilikuwa naifikiria ile mistari minne ya katikati inayokuja kama treni ambayo huwezi kuiambia isubiri. Nikitazama karatasi, vidole vitanipeleka ghorofa ya juu, na mbele ya ukumbi wote, bila mtu wa kunifunika. Nikasikia sauti za bendi zikipungua, moja baada ya moja, zikaacha sauti moja ndefu ya chini, ya mzee, nayo ikaisha.

Nikafunga macho. Niliimba mstari wa kwanza kichwani, kwa do re mi za kanisani, kabla sijaweka midomo. Kisha nikapuliza.

Nota ya kwanza ilikuwa ndiyo. Niliijua kabla haijafika ukutani. Sikuwa na muda wa kufurahi, na pengine ndiyo maana haikuharibika. Mstari wa pili unapanda, pale ndipo nilikuwa ninateleza jikoni, nikapanda nao bila haraka. Hapakuwa na mtu wa kujazia wala wa kujaziwa. Nilisikia pumzi yangu mwenyewe ikiingia kati ya mstari na mstari, na ukumbi mzima ukiingoja. Mstari wa nne unashuka, na bendi inarudi chini yako taratibu. Waliporudi, tulikutana palepale, nyumba moja, ghorofa moja. Nilifungua macho nikaona mwalimu anaongoza huku amebana midomo, machozi yanamshuka, na sikujua kama ni kwa uzuri au bado anataka kuniua.

Ni yote mawili, aliniambia baadaye.

Mwisho wa siku waamuzi walitolewa kwenye pazia, wanapepesa macho kwa mwanga. Mmoja alipanda kuzungumza, akasema ipo bendi moja iliyodhani iko sokoni kabla ya kuanza, na watu wakaangua kicheko, nami nikazama kwenye kiti. Juu ya flugeli hakusema kitu. Tulishika nafasi ya katikati. Hatukupanda daraja wala hatukushuka, maana bendi hizi zina ligi kama za mpira. Bibi wa sare alikuja kuniomba msamaha, nikamkumbatia, maana hasira yote ilikuwa imeniisha mwilini, jambo geni kabisa.

Nilimpigia baba kituoni, nikisubiri tramu na chombo begani. Kule kwao ilikuwa saa ya taarifa ya habari, nilisikia televisheni, wajukuu wanagombana, sufuria.

"Shikamoo baba. Tumemaliza."

"Marahaba. Mmekuwa wa ngapi?"

"Wa katikati."

"Si haba. Na hao wasoma uongo umewaweza? Sauti ya pili haikukushinda?"

"Sikupiga sauti ya pili, baba. Kulikuwa na mahali nilipiga peke yangu. Mistari minne."

"Peke yako?" Hakuelewa. Katika maisha yake yote ya tarumbeta hakuna mtu aliyepiga peke yake, labda wenzake wawe wamekosea. "Wenzako walikuwa wapi?"

"Walikuwepo."

"Walipotea?"

"Hawakupotea baba. Walinyamaza ili wanisikilize."

Kisha nikamsikia akiongea, si na mimi, kwa ile sauti yake ya kusimamisha bendi: "Hebu zimeni hiyo. Na ninyi watoto, nyamazeni. Nyamazeni wote." Televisheni ikazimika. Sufuria zikatulia. Nikasikia kiti kikiburutwa, na pumzi ya baba ikasogea karibu na simu.

"Haya mama," akasema. "Piga."